Ashuke, Ishuke

Nyumba yetu ilikuwa Mwanza, Kirumba juu, pale ambapo mlima unaishiwa udongo na kubaki mawe matupu. Baba aliijenga kwa kiinua mgongo chake, baada ya kiwanda cha umma alichofanyia kazi kupunguza watu ili kipate mnunuzi. Viwanja vya tambarare vilikuwa vimeshapanda bei kwa sababu ya viwanda vya minofu ya sangara, lakini huko juu hakuna aliyekuuliza hati. Mchanga tuliupandisha kwa ndoo na saruji kwa mabega. Nyumba ilipokwisha, baba alisimama mlangoni, akalitazama ziwa lote kutoka bandarini hadi visiwani, akasema hakuna tajiri wa mjini anayeamka na kuona vitu kama hivi. Sikumbishia. Ila tajiri wa mjini hakuteka maji kwenye bomba la barabarani na kupanda nayo kichwani. Kiinua mgongo kilimwinua baba mgongo, wa kwetu kikaukunja.

Kila kilichoingia nyumbani kiliingia kwa mikono ya watu: kabati, magodoro, hata ile seti ya makochi ambayo baba aliinunua miaka ya ruksa, bidhaa zilipojaa madukani na kila mwenye sebule akaona aibu kukaa bila makochi. Na kilichotoka kilitoka vivyo hivyo. Mtu akifa mlimani, jeneza liliteremshwa na wanaume, wa mbele wamelibeba mabegani, wa nyuma wamelishika chini usawa wa magoti, ili marehemu alale sawa. Siku moja jirani yetu alishikwa na uchungu wa uzazi usiokwisha, wakamteremsha juu ya kitanda cha kamba. Hakurudi. Tangu siku hiyo, kwetu huko juu kubebwa na kufa vikawa jambo moja. Mzee akiugua, wanawe walimshika mkono, walimsukuma kwa nyuma, walimtukana kidogo ikibidi, lakini hawakumbeba.

Mama yangu aliuza mapanki chini barabarani. Mapanki ni vile vichwa na mifupa ya sangara vilivyobaki viwandani baada ya minofu kukatwa na kupakiwa ndege kwenda Ulaya. Ulaya walikula nyama, sisi tulikula mifupa, na mama aliikaanga vizuri kiasi kwamba wateja walitaka kulamba na gazeti alilowafungia. Alikuwa mwembamba, mwenye mdomo, na kila jioni alipanda mlima na karai kichwani huku anaongea.

Kilichobadilika kwanza ni salamu. Mama alianza kuwasalimia watu kwa kirefu. Akifika kwenye jiwe la mbuzi, lile kubwa la chini ambalo mbuzi wa jirani walipenda kulalia, alisimama na kuulizia nyumba nzima: mzee hajambo, watoto hawajambo, ng'ombe wa kijijini nao. Akifika kwenye jiwe lenye ufa, alianza upya na watu wengine. Akifika kwenye jiwe la kuanikia, hatua chache kabla ya kwetu, aliwasalimia hata watoto wadogo kama vile ni wakwe zake. Tulidhani anapenda watu siku hizi. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi.

Miaka hiyo watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kufungua zahanati, nazo zilichipuka kila kona, kila moja na kibao chake na kipimo chake cha presha. Mama alipoanza kusikia kizunguzungu, tulikwenda kwenye mojawapo. Walimfunga kile kitambaa mkononi, wakajaza upepo, wakasema presha iko chini kidogo. Basi, ikawa imekwisha. Kwetu presha ni mbili tu, ya kupanda na ya kushuka. Ya kupanda ni ya wanene, wenye hasira na wenye fedha, nao huambiwa waache chumvi. Ya kushuka ni ya wembamba na wenye mawazo, nao hunyweshwa soda na kulambishwa chumvi. Ukishaambiwa yako ni ipi, mtaa mzima unakuwa daktari wako.

"Mrambishe chumvi, mwanangu," jirani yetu, mama mmoja wa Kijita, aliniambia kila nilipopita. "Chumvi inaipandisha."

Majirani wengi wana tabia ya kutia chumvi kwenye maneno. Wa kwetu walitia na kwenye uji. Baba naye akaleta hesabu yake. Alisema presha ya kushuka dawa yake ni kupanda, kwa hiyo mama asiache kupanda mlima, kwani kila akipanda na presha itapanda. Alilisema hilo kwa furaha ya mtu aliyegundua kitu, akatutazama mmoja mmoja. Mama alicheka mpaka akakosa pumzi, akashika ukuta, na midomo yake ikawa na rangi ya zambarau. Hapo ndipo mimi niliacha kucheka.

Miguu ilianza kuvimba. Ukibonyeza kidole juu ya kifundo, shimo lilibaki. Siku mama alipoona giza kwenye jiwe lenye ufa na karai likabingirika na mapanki yake yote hadi chini, tulimpeleka hospitali kubwa.

Tulikaa sana kwenye benchi. Daktari alikuwa kijana wa huko Pwani, mwenye sauti ndogo. Alitazama mishipa ya shingo ya mama kwa muda mrefu bila kumgusa, akamsikiliza kifua upande wa kushoto, akampeleka kwenye picha, akamuuliza anaishi wapi na anapanda vipi. Mama alimweleza mawe yote. Kisha tukatolewa nje, na muuguzi akaita, "Mwenye mgonjwa!" Baba akasimama, akaweka shati vizuri, akaingia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ugonjwa wa mwanamke alielezwa mume. Mama, mwenye kifua chake, alibaki nami kwenye benchi, tunausoma mlango uliofungwa. Hata leo nikiukumbuka mlango ule napandwa na hasira.

Baba alitoka na uso wa mtu aliyepewa siri. "Si ya kushuka," alisema. "Ni ya kupanda. Iko kwenye mapafu. Daktari kasema ishuke haraka, na chumvi aache kabisa."

"Kwenye mapafu?" mama aliuliza.

"Imepandia huko."

"Basi na yenyewe imechoka njiani, imekaa kupumzika," mama akasema.

Alikuwa amepewa vidonge vya kutoa maji mwilini. Lakini baba aliona havitoshi, kwa sababu daktari kasema haraka. Tukiwa njiani alisimama kwenye duka la dawa, mojawapo ya yale mapya yaliyojaa Nyamagana, akaomba vidonge vya kushusha presha, vile vikali. Aliyeuza hakuuliza cheti wala mgonjwa. Ruksa ilikuwa imeshafika hadi kwenye vidonge. Baba alivitia mfukoni akavigusagusa njia nzima, na nilimpenda kwa hilo, maana alikuwa mtu aliyepewa kazi hatimaye.

Mama na mimi tulikuwa na mpango wetu. Kila mchana alitandaza kanga yake ya njano juu ya jiwe la kuanikia, nami nikitoka shule niliiona kutoka barabarani, doa dogo la njano kati ya mawe. Maana yake ilikuwa: nipo, leta unga, usikimbie. Nilikuwa kidato cha tatu. Niliizoea kanga ile kiasi kwamba nilisalimiana nayo moyoni.

Siku chache baada ya vile vidonge, nikatoka shule nikainua macho, kanga haipo.

Sikumbuki nilivyopanda. Nakumbuka mlango ulikuwa wazi na mama amelala sakafuni, shavu kwenye saruji, jasho la baridi, macho wazi. Kanga alikuwa nayo mkononi, imekunjwa. Alikuwa njiani kwenda kuitandaza.

"Dunia ilizima," alininong'oneza. "Imerudi, lakini mwanga hafifu."

Majirani walikuja. Mmoja alipendekeza chumvi, mwingine akamkemea, wa tatu akasema tumbebe tumshushe. Mama, ambaye hakuwa na nguvu ya kuinua kikombe, aliinua kidole. "Hakuna wa kunibeba," alisema. Wakamlaza kitandani, na baba aliporudi kutoka kwenye vibarua vyake vya soko la Mwaloni alikaa pembeni yake akampa kidonge kingine. Nilikuwapo. Nilimwona akimshikia kikombe, kwa upole wote.

Kesho yake sikwenda shule. Nilikwenda hospitali na pakiti ya vidonge ndani ya daftari, nikamngoja yule daktari mlangoni hadi akatoka.

"Shikamoo," nilimwambia.

"Marahaba. Wewe si yule wa mama wa mlimani? Ameshashuka?"

"Ilishuka, ila imeshuka sana," nilisema. "Baba anampa vidonge kama ulivyosema, jana ameanguka."

Alichukua pakiti, akaigeuza. Uso wake ulibadilika. "Nani kasema ampe hivi?"

"Wewe. Ulimwambia baba presha ishuke haraka."

"Mimi?" Alitazama kulia na kushoto kama anayemtafuta shahidi. "Nilimwambia ashuke. Ashuke! Yeye, mama yako. Ahame huo mlima, akae mahali pa tambarare. Nilisema ashuke haraka iwezekanavyo."

Tulisimama pale, watu wakitupita na machela. Kisha akaniingiza ndani, akachukua karatasi, akachora moyo vibaya, kama embe lililopasuliwa. Upande huu, alisema, unasukuma damu kwenda mwilini, na ndiyo presha tunayoipima mkononi. Ya mama yako iko chini. Upande huu mwingine unasukuma damu kwenda kwenye mapafu peke yake, na huko mishipa midogo imekuwa myembamba. Moyo unasukuma mlango ambao mtu ameuegemea kwa ndani. Presha ya huko iko juu sana, na kipimo cha mkononi hakiioni hata siku moja. Ukimpa vidonge hivi, mishipa ya mwili mzima inalegea, damu inashuka miguuni, kichwa kinakosa, anaanguka. Na kila akipanda mlima, ule upande dhaifu unafanyishwa kazi usiyoiweza. Unaweza kusimama.

Nilimuuliza dawa ya kuifungua mishipa hiyo. Alisema hapa hakuna, na hata kwingine ni shida.

"Kwa nini imekuwa myembamba?"

"Mara nyingine tunajua," alisema. "Ya mama yako hatujui."

Nilirudi nyumbani na herufi moja. Baba alikuwa uani anatengeneza kamba ya ndoo. Nilimwambia kila kitu, na kwa sababu nilikuwa na hasira nilimwambia kama mwalimu anayesahihisha imla. Hakusema i, alisema a. Si presha, ni mama. Baba aliendelea kufunga fundo ambalo lilikuwa limeshafungwa. Kisha akaingia ndani, akachukua vidonge vilivyobaki, akavitupa chooni, akarudi akakaa palepale.

"Ashuke," alisema taratibu, kama analionja neno. "Ashuke aende wapi?"

Hilo ndilo swali lililotufunga. Hakuwa na kazi ya kudumu. Hakuwa na kiwanja kingine. Alikuwa na nyumba moja, na nyumba yenyewe haikuwa ya kuuzika kwa mtu mwenye akili zake, maana nani atanunua mawe? Na hata angepata chumba cha kupanga, angekuwa nani? Mtu aliyejenga, ambaye watu wote wa kiwandani walikuja kumpongeza, leo anapanga chumba kimoja? Alisema nisimletee presha. Tulisema hivyo sote siku zile, usiniletee presha, ni msemo tu wa mjini, lakini safari hiyo hakuna aliyetabasamu. Nilimchukia baba. Niliuchukia mlima zaidi.

Mama alibaki huko juu. Kwanza dunia yake ilikuwa uwanja wetu, kisha ikawa kibaraza, kisha ikawa kochi moja ambalo tulilisogeza karibu na dirisha. Kutoka pale aliliona soko zima la Mwaloni: mitumbwi inavyoingia, makapu ya dagaa yanavyoshushwa, wanawake wenzake wanavyogombana. Aliniambia nani leo kaja na samaki wabichi na nani anawamwagia maji wa jana. Aliona kila kitu na hakuweza kununua hata dagaa wa kikombe. Nilipomkuta analia aliniambia ni upepo wa ziwa. Upepo ulikuwapo kweli. Ile nyumba ilikuwa na upepo kuliko nyumba zote za Mwanza, mapazia hayakutulia mchana wala jioni, na katikati ya upepo huo mama alikaa amefungua mdomo kama mtu aliyefungiwa stoo.

Leo mimi ni mwalimu wa baiolojia, ng'ambo, Sengerema. Kila mwaka hufika siku ya kufundisha mitokondria, na kila mwaka huchora kitu kinachofanana na punje ya haragwe, chenye mikunjo ndani, halafu naacha kwanza Kiingereza cha kitabu. Haya ni majiko, nawaambia. Kila seli ya mwili wenu ina majiko madogo yanayochoma chakula kwa hewa ya oksijeni na kutoa nguvu. Wanaandika. Mara moja binti mmoja wa mstari wa nyuma aliuliza, "Mwalimu, na majiko yakikosea?" Nilimwambia tutafika huko. Sikufika siku hiyo. Nilitoka nje kidogo nikatazama feri inavyorudi Mwanza.

Yapo niliyoyasoma baadaye, miaka mingi baada ya mama, pale wataalamu walipoanza kuyaeleza. Kwenye kuta za mishipa ya mapafu, majiko haya yana kazi ya pili: yanapima hewa. Sehemu ya pafu ikikosa hewa, yenyewe ndiyo yanayotoa taarifa, na mshipa wa sehemu hiyo unajibana ili damu iende kwenye hewa. Ni kazi nzuri, inatuokoa. Lakini katika ugonjwa kama wa mama, majiko huharibika na kutoa taarifa ya uongo. Hewa ipo, yenyewe yanasema haipo. Yanazimika nusu. Seli inaacha kuchoma chakula chake kwa oksijeni, inaishi kwa kuivunja sukari nusunusu, kama jiko la mkaa lililofungiwa chumbani, linafukuta bila kuwaka. Na kuna jambo baya zaidi. Majiko hayo ndiyo yanayoiambia seli iliyochakaa kwamba muda wako umekwisha, ondoka. Yakinyamaza, seli haiondoki. Inakaa, inazaa nyingine, ukuta wa mshipa unanenepa kwa ndani, njia inakuwa nyembamba, na ule upande wa moyo uliochorwa vibaya na daktari unasukuma na kusukuma hadi unachoka.

Sisemi hicho peke yake ndicho kilichomuua mama. Wataalamu wenyewe wanasema ni jambo mojawapo kati ya mengi, na seli za mama hakuna aliyezipima. Lakini nilipoyasoma mara ya kwanza nilifunga kitabu. Niliona kochi, dirisha, mapazia yanayopepea. Hewa yote ile ya ziwa, na ndani ya kifua chake kulikuwa na vitu vidogo kuliko vumbi vinavyoapa kwamba hakuna hewa. Katika baadhi ya familia ugonjwa huu hurithiwa. Ninapopanda ngazi za shule huwa najisikiliza. Wenzangu hudhani nina maringo kwa sababu siongei nikiwa kwenye ngazi.

Aliyetufungulia lile swali la aende wapi alikuwa baba mwenyewe, kwa njia yake. Viwanda vya samaki vilikuwa vinaajiri vijana kutoka kila upande, nao walitafuta vyumba popote, hata kwenye mawe. Siku moja baba alipanda na vijana watatu, akawaonyesha sebule yake na chumba cha mbele, akawaonyesha na ziwa, kwa sauti ileile ya zamani. Wakakubali. Kwa kodi yao akapata chumba kimoja chini, tambarare, karibu na soko. Hakutuambia chochote mpaka alipokwisha kulipa. Kwa mtu kama baba, huko kulikuwa kuvua nguo hadharani, na nadhani mama alijua hivyo, kwa sababu alipoambiwa hakutania.

Asubuhi ya kuhama, baba alikuja na wanaume wanne na miti miwili mirefu. Walikuwa wamelifunga kochi la mtu mmoja juu ya ile miti, vizuri kabisa, na mto juu yake. Mama alitoka mlangoni amejishika kwenye fremu. Alilitazama kochi. Aliwatazama wanaume.

"Mlimani hapa anayebebwa ni maiti," alisema. "Mimi bado."

"Mke wangu, daktari kasema usichoke."

"Daktari kasema ashuke. Hakusema ashushwe."

Sote tulikuwa tumepata adabu kuhusu vitenzi. Wale wanaume walifungua kamba, wakalipwa soda, wakaondoka, na baba akalinyanyua kochi peke yake, akaliweka kichwani miguu juu, akasema, "Tangulia."

Alishuka kwa miguu yake. Mimi nilikuwa mbele yake ili akianguka aniangukie mimi, baba nyuma na kochi kichwani. Kila baada ya hatua chache mama alisimama, na baba alilitua kochi juu ya jiwe, mama akakaa kama bibi harusi, akawasalimia watu. Kwenye jiwe la kuanikia alikunja kanga yake ya njano akaiweka mapajani. Kwenye jiwe lenye ufa alikaa sana, macho yamefumbwa, na mshipa wa shingo ukicheza, nami nikafikiri tumekosea, afadhali tungebaki. Akafumbua macho akauliza kama mtoto wa jirani ameshafanya mtihani. Watu walitoka majumbani kutazama. Wengine walicheka, kwa sababu kwa kweli tulichekesha: mwanamke anashuka mlima akifuatwa na kochi. Jua lilikuwa kali tulipofika jiwe la mbuzi na kisha barabarani, penye ardhi sawa. Mama aligeuka akautazama mlima wote, hadi juu, kwenye bati letu lililong'aa.

"Basi," alisema. "Kule sirudi tena."

Chumba cha chini kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani. Hakukuwa na ziwa, kulikuwa na harufu tu ya moshi wa samaki. Baba hakuacha kuomba radhi kwa ajili ya ule ukuta. Mama hakujali. Aliweza kutembea hadi sokoni, polepole, akanunua dagaa wake mwenyewe, akabishana bei hadi muuzaji akaomba msaada. Usiku alilala ameegemea mito. Miguu ilipungua, kisha ikavimba tena. Tulijua. Chumba kilikuwa kikubwa kuliko mlima, lakini nacho kilikuwa na mwisho. Mvua za mwaka uliofuata zilipokuwa zinamalizikia, alifariki asubuhi, amekaa kwenye lile kochi, mimi nikiwa nampozea chai.

Ndugu walisema tuzike na msiba uwe hapohapo chini, ni rahisi kwa watu. Baba alikataa. Alisema mke wake ana nyumba, hataagwa kwenye nyumba ya kupanga. Nilikumbuka maneno ya mama pale barabarani nikataka kupiga kelele, lakini nilimtazama baba na sikuweza. Wale vijana wa kiwandani waliondoa vitu vyao sebuleni. Na hivyo mama alibebwa, na akabebwa kwenda juu. Sijawahi kuona jeneza likipanda mlima ule kabla ya hapo wala baada yake. Wanaume hawakujua namna. Walibishana barabarani, mpaka mmoja akasema ni kinyume tu, wa mbele washike chini, wa nyuma waweke mabegani.

Baba alitembea nyuma ya jeneza. Tulipofika kwenye jiwe la mbuzi, alisema, "Mtueni apumzike."

"Hatujachoka, mzee," wabebaji walisema.

"Sijawauliza ninyi," baba alisema.

Wakamtua juu ya jiwe. Baba akageukia nyumba zilizokuwa karibu, akaanza kuwasalimia watu mmoja mmoja, kwa kirefu.